Chembe Mia Moja za Njiwa

Naro Moru,
Jumamosi, saa nne asubuhi.

Dada yangu Waithira,

Nakusalimu kwa upendo wa miaka yetu yote, wewe na kila aliye chini ya paa lako hapo Sagana. Natumaini magoti yako yamepata nafuu tangu mvua ipungue, na kwamba masikio hayakuumi, hata kama hayasikii tena. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa. Nakula, ingawa si leo. Nalala, ingawa si jana. Yule mbuzi uliyeniachia amezaa pacha, na wote wawili wanasimama.

Ningeweza kumpigia simu jirani yako akuandikie ujumbe, lakini sitaki jambo hili lipite kinywani mwa mtu mwingine kabla halijakufikia. Nitaikabidhi barua hii kwa dereva wa gari la maziwa, anayepita Sagana kila asubuhi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uisome hadi mwisho, kwa sababu wakati huu ninapoianza mimi mwenyewe sijui itaishaje.

Wacera yuko mlimani. Najua hilo peke yake halikushtui, kwa kuwa huu ni mwaka wa tano tangu mwanao aanze kuwaongoza wageni wa Bwana Abdulatif kwa farasi. Unamkumbuka Bwana Abdulatif, yule mtu wa Nyeri mjini mwenye banda la farasi kumi na wawili huku kwetu, kwenye ukingo wa msitu. Wacera hutangulia mbele akiwa amempanda Njiwa, farasi jike wa rangi ya kijivu, kwa sababu farasi wengine humfuata Njiwa bila ubishi. Safari hii ni ya siku nne. Waliondoka Alhamisi alfajiri, wageni wanne, Wacera, na mwenzake Kim anayefuata nyuma kwa miguu. Wanatarajiwa kesho jioni.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa saba, nyasi za malisho zilipokatwa kabla hazijakauka na kupangwa ghalani zikiwa na unyevu. Zilipofunguliwa zilitoa vumbi la ukungu. Njiwa akaanza kukohoa. Hakukohoa sana, mara mbili asubuhi, mara tatu akipanda kilima. Bwana Abdulatif alifanya mzaha kwamba anakohoa kama mzee anayetaka watu wajue amefika mkutanini. Watu wa bandani walicheka. Wacera hakucheka. Alikwenda kumwita Daktari Wendy, yule daktari wa mifugo aliyefungua ofisi karibu na soko letu mwaka jana.

Nilikuwepo alipompima Jumatatu ya wiki hii, kwa sababu Daktari Wendy aliniomba. Unajua kwamba tangu nistaafu maabara ya hospitali nimeweka hadubini yangu katika chumba cha nyuma, na kwamba wafugaji huniletea vioo vyenye tone la damu au la kamasi nivisome, badala ya kungoja majibu kutoka Nairobi. Daktari alimchoma Njiwa sindano ya kumtuliza, akapitisha mpira mrefu puani hadi ndani ya mapafu, akamimina maji ya chumvi yaliyopashwa moto kidogo, kisha akayavuta tena. Maji yalirudi yakiwa na povu jeupe. Aliniambia povu ni dalili njema, maana yake yamefika ndani kabisa. Wacera alikuwa ameshika kichwa cha farasi, akimnong'oneza maneno ambayo sikuyasikia.

Katika maji hayo hutafutwa chembe. Zipo za aina kadhaa, na kila aina ina kiwango chake. Zile zilizomhangaisha Daktari Wendy ni chembe zilizojaa punje ndogo za zambarau. Katika mapafu ya farasi mzima hazizidi mbili katika kila mia. Zikipita tano, mapafu yamevimba ndani, hata kama farasi anakula vizuri na manyoya yake yanang'aa. Bwana Abdulatif alikwisha kusema kwamba atafuata karatasi itakavyosema: Njiwa akiwa mgonjwa hapandi mlima, na Wacera atabaki bandani naye, kwa kuwa wageni wangepelekwa na kiongozi mwingine.

Daktari Wendy aliniomba mambo matatu, na aliyaomba kwa heshima. Aliniomba nihesabu chembe mia tano, si mia moja. Aliniomba nipite kioo chote toka ukingo hadi ukingo, kwa kuwa chembe hazitawanyiki sawasawa. Tena aliniomba nitumie ile rangi inayochukua muda mrefu, kwa sababu rangi ya haraka mara nyingi haizishiki zile punje, na chembe iliyo mgonjwa hupita mbele ya jicho kama isiyo na neno.

Nilimjibu kwamba nilianza kuhesabu chembe kabla mama yake hajaolewa. Nilimwambia kwamba katika maabara yetu tulihesabu mia moja, katikati ya kioo, mahali chembe zimelala kwa utaratibu, na tulihesabu mara moja tu. Anayehesabu mara ya pili, nilimwambia, hatafuti ukweli. Anatafuta nambari anayoipenda. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na aliyekosea alisimamishwa mbele ya wenzake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, mapafu ya farasi si damu ya mtu." Nilimwambia kioo ni kioo. Hakubishana nami tena. Alichukua kioo cha pili, akakifunga vizuri, akakituma Nairobi kwa basi.

Jumanne mchana nilitoka na karatasi yangu. Nilikuwa nimeandika kwamba chembe za punje ni moja katika mia, na chini yake sahihi yangu. Wacera alikuwa amesimama uani kando ya ua wa michongoma, amesimama hapo tangu asubuhi. Aliisoma karatasi, kisha akaniuliza, "Anko, una uhakika?" Unajua sipendi kuulizwa hivyo. Nilimjibu neno moja: "Nimehesabu." Aliikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya jaketi, akanishukuru, akaenda zake. Bwana Abdulatif alinipigia simu jioni akicheka, akasema alijua tangu mwanzo kwamba farasi wake anajidekeza.

Jana saa sita Daktari Wendy alifika kwangu. Hakuketi. Alisema majibu ya Nairobi yamekuja kwa simu. Walihesabu mia tano, na thelathini na tano kati yake zilikuwa zile za punje. Hiyo ni saba katika kila mia. Nilitamani anikaripie, kwa sababu angenikaripia ningepata la kumjibu. Hakunikaripia. Alinieleza tu, taratibu, kwamba farasi wa namna hiyo anaweza kutembea tambarare wiki nzima asionyeshe kitu, lakini akipanda penye baridi na hewa nyepesi, akila usiku zile nyasi za vumbi walizobeba kwenye magunia, kifua chake kinaweza kufunga ghafla. Kikifunga, magoti hukunjika. Nilimwuliza aliye mgongoni huwaje. Aliniuliza kama simu ya Wacera inapatikana.

Waithira, unaijua ile njia. Tuliipita tukiwa vijana tulipompeleka baba kutazama mizinga ya nyuki. Baada ya mianzi kuna mahali inapobana kando ya bonde, si pana kuliko kitanda changu, na chini ni mawe na mto. Watu huko hupita mmoja mmoja. Wa kwanza ni Wacera.

Nilipiga simu yake, haipatikani. Nilipiga ya Kim, haipatikani. Nilimpigia Bwana Abdulatif, nikamweleza. Akasema, "Mzee Kingori, si wewe uliyeandika?" Nilisema ndiyo, ni mimi. Akasema anatafuta pikipiki. Pikipiki ilikwenda hadi mwanzo wa mianzi, ikakwama kwenye matope, ikarudi. Leo saa kumi na moja alfajiri tumemtuma Muriithi, yule mpagazi mwenye miguu mirefu anayebeba mizigo ya wapanda mlima, apande kwa miguu na karatasi nyingine yenye sahihi yangu, inayosema farasi asipandwe.

Nimeketi barazani nikiutazama mlima. Hauonekani. Ukungu umeshuka hadi kwenye miti ya shamba la jirani, na kila pikipiki inayopunguza mwendo barabarani inanisimamisha. Saa tatu ilipita moja iliyobeba mtu aliyefungwa bandeji kichwani. Alikuwa mwanamume, sikumjua, nami nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru. Nimejikuta nikipumua juu juu, kama aliyekalia mgongo wa mnyama asiyepata hewa. Nikifumba macho naona zile kwato kwenye ukingo. Nikiyafumbua naona ukungu. Kwa hiyo naandika, kwa sababu nikiandika macho yana mahali pa kukaa.

Saa saba na nusu. Bado hakuna mtu. Nimejaribu kunywa uji, nikauacha.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, wala Daktari Wendy, wala Bwana Abdulatif. Wote wanajua nilihesabu mara moja, chembe mia moja, kama nilivyojigamba. Wanadhani kosa langu ni ukaidi wa mzee. Ingekuwa hivyo, ningekuandikia barua fupi.

Sikuhesabu mara moja. Nilihesabu mara tatu.

Mara ya kwanza nilipata moja katika mia. Nilikwisha kushika kalamu. Lakini maneno ya yule binti daktari yalikuwa yameniingia, ya kwamba chembe hazitawanyiki sawasawa, nikasogeza kioo kidogo kuelekea ukingo, nikahesabu mia nyingine. Nikapata sita. Nilidhani nimechoka. Niliosha uso, nikarudi, nikasogeza upande wa pili, nikahesabu mia ya tatu. Nikapata tatu. Kioo ni kimoja, jicho ni moja, saa ni ileile, nami nina nambari tatu zisizofanana, moja ya mzima, moja ya mgonjwa, moja ya katikati.

Wakati huo ningeweza kufungua mlango na kusema, "Wacera, sijui." Ni maneno mawili. Nilichungulia dirishani nikamwona amesimama kando ya ua, ameikunja mikono, ametazama mlango wangu kama watu walivyokuwa wakitazama mlango wa maabara pale hospitalini. Nilijua anachokitaka, au nilidhani ninajua. Nikaandika hesabu ya kwanza. Nilijiambia kwamba ndiyo kanuni, kwamba hesabu ya kwanza ndiyo hesabu. Kwa hiyo nilichagua nambari niliyoipenda, saa ishirini na nne baada ya kumhubiria daktari kwamba hilo ni kosa la wasio na adabu ya kazi.

Kuna lingine, na hili linaniogofya kwa namna ambayo sijui kuiandika. Kwa miaka thelathini na sita sikuhesabu kioo cha mtu mara mbili. Ndiyo maana sikuwahi kujua. Mara yangu ya kwanza kurudia ilikuwa Jumanne, katika mapafu ya farasi, na nikaona jinsi mkono wangu unavyoweza kutoa majibu matatu kwa swali moja. Damu ya Mama mwaka ule alipoanza kudhoofika niliihesabu mimi. Unakumbuka nilikuja nyumbani na karatasi, nikasema hakuna neno, ni uchovu, na wewe ukasema basi tumshukuru Mungu. Nilihesabu mia moja, katikati ya kioo, mara moja. Labda nilihesabu sawa. Sijui, Waithira, na kioo kile kilikwisha kutupwa. Sitajua kamwe.

Ukitaka kunichukia kwa hilo, chukua muda wako. Lakini leo nakuomba unisaidie kumwogopea Wacera, kwa sababu peke yangu siwezi.

Saa kumi na moja jioni. Muriithi amerudi.

Yuko hai. Naandika hilo kwanza, hata kabla sijaketi vizuri. Wacera yuko hai, hana jeraha.

Muriithi aliingia uani akiwa na matope hadi kiunoni, akaomba chai kabla ya kusema lolote, nami nikammiminia kwa haraka hadi nusu ikamwagika. Namnukuu kama alivyosema: "Mzee, wako sawa wote. Lakini huyo msichana yako ni kichwa ngumu. Hajapanda farasi tangu Alhamisi. Ako kwa miguu." Alisema aliwakuta kwenye kambi ya juu ya mianzi, kupita kidogo pale njia inapobana. Wacera alikuwa ameshuka kabla ya ukingo, siku ya kwanza, akampitisha Njiwa kwa kamba, hatua kwa hatua, na kutoka hapo hakumpanda tena. Wageni walidhani ndiyo desturi ya huku. Alhamisi usiku kifua cha Njiwa kilianza kufunga, na tangu hapo amesimama mahali pamoja, ametanua pua, mbavu zinapanda na kushuka. Wacera alimwaga nyasi zile zote za magunia mtoni, amekuwa akimkatia majani mabichi kwa kisu. Wageni watashushwa kesho na Kim. Yeye amekataa kushuka. Muriithi alimwambia aje naye, akamjibu kwamba atakuja, mradi Muriithi ambebe farasi kwanza. Alinisimulia hilo akicheka. Ameniambia pia kwamba blanketi lake amemfunika farasi, na hapo tena alicheka. Mimi sikucheka. Mawingu ya jioni hii ni meusi, na mvua imeanza kugonga mabati ninapoandika.

Alinikabidhi karatasi kutoka kwake. Niliitambua kabla ya kuifungua. Ni ileile yangu ya Jumanne, imekunjwa mara mbili. Nyuma yake ameandika kwa penseli:

"Anko, Njiwa anapumua mara thelathini na nne kwa dakika akiwa amesimama tu. Nimekuwa nikihesabu kila asubuhi kwa saa yangu tangu mwezi wa nane, na kila wiki inaongezeka. Nilijua hata kabla tutoke. Siku ile nilisimama pale nje nikiomba uandike kwamba ni mgonjwa, ndiyo apumzike. Lakini karatasi ilikuwa na jina lako, na Bwana Abdulatif angeniuliza mimi ni nani nikupinge. Nikaona heri nitembee. Usimwambie mama. Ataogopa."

Nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyohesabu kioo. Alisimama uani akitaka niandike mgonjwa, nami nilimtazama kwa dirisha nikaona kinyume. Mwanao alihesabu kila siku, kwa miezi, bila hadubini, akanyamaza kwa heshima yangu. Kisha akatembea kwenye matope ili asiniaibishe.

Nimewaandikia Bwana Abdulatif na Daktari Wendy, kila mmoja barua yake, na katika kila moja nimeweka hesabu zote tatu: moja, sita, tatu. Bwana Abdulatif hatapata nafasi ya kusema Wacera alimchosha farasi. Daktari Wendy alipita hapa baada ya Muriithi. Nilimkabidhi barua yake mkononi, akaisoma akiwa amesimama. Kisha akauliza kama kioo kile bado ninacho. Nikampa, pamoja na ufunguo wa chumba cha nyuma. Kesho alfajiri anapanda na dawa ya kupanua kifua cha Njiwa, na Muriithi ataonyesha njia. Mimi nitakwenda nao hadi gari linapoishia, na baada ya hapo hadi miguu inapoishia. Nimefunga ile sweta nzito ya Mama na mablanketi mawili. Daktari hajaahidi kwamba farasi atapona, wala kwamba usiku huu hautakuwa mbaya kwa wote wawili. Mvua inazidi.

Wacera ameniomba nisikuambie. Karatasi yake naitia ndani ya bahasha hii, uisome kwa macho yako, pande zote mbili.

Wasalimie majirani, na umwambie yule mchungaji wenu ambaye huniulizia kwamba namwomba alitaje jina la Wacera kesho kanisani. La kwangu aliache kwanza. Nikirudi kutoka mlimani nitakuandikia nilichokiona, na nikiwa sijui, nitaandika kwamba sijui.

Mungu akulinde usiku huu, na yeye aliye huko juu.

Ni mimi kaka yako,
Kingori.